Godauni la Sabuni

Kosa langu lilikuwa la maneno mawili, na niliyaandika mwenyewe, kwa wino, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule, bila mtu kunishika mkono. Chini ya mchoro wa ukuta mmoja wa godauni niliandika UKIWA KENYA. Wakati huo nilikuwa nimekaa Tororo, kwenye kiti changu, patipati miguuni, chai pembeni inapoa. Kenya sikuwahi kuitia mguu tangu nizaliwe. Lakini ilikuwa miaka ya sabini, nchi iko mikononi mwa wanajeshi, na watu walikuwa wakipotea kwa mambo madogo kuliko hayo. Wengine waliponzwa na maneno waliyosema baa wakiwa wamelewa. Mimi niliyaandika nikiwa na akili zangu timamu, nikayapigia na mstari chini ili yasomeke vizuri.

Nilikuwa mchoraji wa ramani za majengo. Nilisoma mpaka kidato cha nne, na katika masomo yote lililoniingia kichwani ni uchoraji wa kiufundi, labda kwa sababu ndilo lililofanywa mtu akiwa ameketi. Nilipotoka shule niliajiriwa na Mhindi mmoja pale Tororo aliyechorea watu maduka na nyumba za kupangisha. Wahindi walipoamriwa waondoke, aliniachia ubao wake wa kuchorea, rula ya umbo la T na bikari moja, akaniambia nivitunze mpaka atakaporudi. Hakurudi. Vitu vyake nimevitunza hadi leo, na katika mambo niliyoagizwa maishani hilo ni mojawapo ya machache niliyotimiza.

Ubao niliuhamishia katika chumba nilichopanga nyuma ya maduka. Chumba kilikuwa na dirisha moja lililotazama jiwe la Tororo, na urefu wake ulikuwa hatua sita. Hizo hatua sita nazikumbuka kuliko tarehe ya kuzaliwa kwangu, na utaona kwa nini. Nilikuwa sitoki. Niseme kweli, hata kabla ya wanajeshi sikuwa mtu wa kutoka, ila wao walinipa sababu yenye heshima. Mtu aliponiuliza mbona sionekani, nilishusha sauti na kusema, "Unajua hali ilivyo," naye alitikisa kichwa kwa kunihurumia. Hakuna aliyejua kwamba hata nchi ingekuwa pepo ya amani, bado ningekuwa ndani.

Ila hali ilikuwa hivyo kweli. Nyumba mbili kutoka kwetu alikaa mwalimu wa shule ya msingi. Siku moja mchana walikuja watu wawili wakamwambia anaitwa kujibu maswali machache, hatakawia. Baiskeli yake ilibaki imeegemea ukuta, na kila nilipochungulia dirishani niliiona, mpaka matairi yakaisha upepo na kuku wakaanza kutagia kwenye kikapu chake. Hakuna aliyeigusa. Hakuna aliyeuliza nani alimtaja. Lakini kila mtu alikuwa na jina lake moyoni, na nadhani majina yote yalikuwa ya majirani.

Jirani yangu mimi alikuwa mama mjane wa makamo, Msamia, kabila la mpakani, wa huko Masaba. Vyumba vyetu viligawana ukuta mmoja, na ukuta wenyewe haukufika kwenye bati, kwa hiyo mmoja akipiga chafya mwingine alimwambia pole. Aliuza chumvi, viberiti na sabuni, vitu ambavyo madukani vilikwisha zamani. Vyake vilitoka ng'ambo kwa njia za panya, na kuuliza panya gani haikuwa adabu. Alikuwa mama wa maneno machache na macho mengi. Chumvi aliipima kwa kijiko na kukifuta kijiko kwa kidole ili punje isizidi.

Ndiyo maana nilishtuka alipoanza kuniletea chakula bure. Ilikuwa mwanzo wa mvua. Alisimama mlangoni na sahani imefunikwa kwa sahani nyingine, ndani posho, ule ugali wetu wa mahindi, na samaki mkavu, akanipa. Macho yake yakaenda mezani kwenye karatasi zangu, kisha yakaja usoni kwangu, yakakaa hapo kwa muda kama ya daktari. Kesho yake tena. Nikajiuliza, mama anayefuta kijiko kwa kidole ananipa samaki kwa sababu gani? Tena wiki hiyo hiyo nilimwona pale kona akimpa mwanajeshi kiberiti, wote wawili wanacheka. Nikaunganisha mambo. Chakula ni kisingizio, nikasema, anataka kuona ninachofanya mezani. Nilikula, lakini kwa mashaka makubwa, na sahani nilizirudisha zimeoshwa ili asiwe na la kunishitaki zaidi.

Kazi yenyewe ililetwa na Haji, wiki chache kabla ya sahani hizo kuanza. Alikuwa mtu wa Busia, mwenye malori mawili ya kusomba mizigo kutoka mpakani, mkubwa wa umri na wa mwili, kofia yake nyeupe haitoki kichwani. Alikuwa na kiwanja pale Busia karibu kabisa na mpaka, akataka ajenge godauni. Alinieleza kiwanja kwa mikono: hatua arobaini kwa ishirini, huku barabara ya Tororo, huku msikiti, huku shamba la mihogo, na huku Kenya. Nikamwambia maelezo yake ni mazuri, lakini fundi wa kweli hachori mahali asipopaona, kwa hiyo nitakwenda nipime mwenyewe. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani nilitaka anione fundi wa kweli.

Tukakubaliana lori lake linipitie Jumanne. Jumanne nikapata homa. Lori likaja wiki iliyofuata, nikamwambia dereva amfikishie Haji salamu, asisumbuke tena, kwani Jumamosi nilikwisha kwenda kwa basi, nimepima, nimemaliza. Busia si mbali. Mtu akiondoka asubuhi, mchana amerudi anapika. Lakini njiani kulikuwa na vizuizi vya askari, abiria wanashushwa, wanapanga mstari, wanaulizwa wanatoka wapi na wanakwenda kufanya nini. Mimi hata mama yangu akiniuliza ninakwenda wapi nilikuwa nababaika.

Basi nikakijenga kiwanja ndani ya chumba. Ili niusikie ukubwa wake miguuni, nilitembea hatua sita mpaka ukutani, nikageuka, sita nyingine, nikageuka, hadi arobaini zikatimia. Nilihesabu kwa sauti, maana kwenye kugeuka namba hupotea. Nilifanya hivyo kila siku baada ya chakula cha mchana, na baada ya siku chache nilikuwa nafumba macho na kuona godauni limenizunguka, mlango kule, nguzo hapa, magunia yamepangwa hadi juu.

Kisha nikanunua kwa yule mama sabuni ya mche. Nilikata kipande, nikakichonga kwa wembe mpaka kikawa godauni, paa lake, kuta zake nne, na kwa ncha ya msumari nikachora milango na madirisha. Nikachukua kifuniko cha boksi la viatu, nikakata katikati dirisha dogo la pembe nne, nikalitandazia nyuzi za kushonea, za kwenda na za kukatiza, likawa na vyumba vyumba kama karatasi ya hesabu. Kifuniko nilikisimamisha mezani kwa vitabu viwili, sabuni nikaiweka nyuma yake, nikafumba jicho moja na kutazama.

Raha ya kitu hicho sijui nikuelezeje. Ukisogeza dirisha karibu na sabuni, unaona mlango peke yake na bawaba zake. Ukilirudisha nyuma, godauni zima linaingia na paa lake. Ukitaka ukuta mwingine huinuki, huzunguki, unaigeuza sabuni robo tu, nao unakuja wenyewe mbele yako. Ukiilaza, unaona paa kama kunguru anavyoliona. Ulimwengu wote unageuka na wewe umekaa. Kwa mtu wa tabia yangu hakuna chombo bora kilichowahi kubuniwa.

Juzi juzi, uzeeni huku, nilikwenda ofisi moja ya wahandisi kuulizia ukuta wangu ulioingia ufa. Binti wa pale akanionyesha kompyuta. Kioo kimegawanywa madirisha manne, kila moja na jengo lile lile, hili kwa mbele, hili kwa ubavu, hili kwa juu, na la nne limeinama kidogo kama mtu anayechungulia. Akagusa, likageuka. Akagusa, likasogea hadi nikaona misumari. Akaniuliza kwa upole kama naelewa, mzee. Nikamwambia naelewa, ila mimi langu lilikuwa la sabuni. Alicheka kwa adabu, na nikaona anamtazama mwenzake.

Turudi kwa Haji. Alipokuja kuchukua kazi nilimfungulia karatasi kubwa yenye michoro mitano, kuta nne na paa. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa masikitiko kwamba yeye aliagiza godauni moja, na hela ya matano hana. Nikamweleza kwamba ni moja lile lile, ila limetazamwa pande tofauti. Akaniuliza iweje kitu kimoja kiwe mahali patano kwenye karatasi moja. Nikachukua kile kifuniko changu, nikakiweka juu ya karatasi ili dirisha lioneshe mchoro mmoja tu na mingine ifichike. Hapo uso ukamfunguka. Akakishika mwenyewe, akawa anakisukuma kutoka mchoro hadi mchoro, akisema sasa naliona, sasa nimelizunguka.

Tatizo likabaki moja, majina. Nilikuwa nimeandika mashariki, magharibi, kaskazini, kusini. Haji alisema hayo ni maneno ya kitabu, dereva wake hatayajua. Kule Busia hakuna mtu anayesema mashariki. Wanasema upande wa Kenya. Hakuna anayesema kaskazini, wanasema upande wa Tororo. Akataka niandike mahali mtu anaposimama ili aone ukuta ule. Nilikwaruza majina yangu kwa wembe, kama tunavyofuta wino sisi wachoraji, nikaandika mapya: UKIWA BARABARANI. UKIWA MSIKITINI. UKIWA KWENYE MIHOGO. UKIWA KENYA. Na chini ya paa, kwa kuwa niliulizwa mtu anasimama wapi, nikaandika UKIWA JUU.

Tulicheka. Haji alikunja karatasi, akatia kifuniko cha boksi kwapani, akapanda lori lake.

Siku mbili zikapita sina habari. Siku ya tatu asubuhi muuza mkaa aliniambia, huku akifunga gunia na bila kunitazama, kwamba Haji alishushwa kwenye kizuizi cha njia ya Busia na lori limerudi bila yeye, na kwamba wamemkuta na ramani ya mpaka iliyochorwa kutoka Kenya.

Nilirudi ndani nikakaa. Maneno yangu mawili yalinijia yakiwa na sura nyingine kabisa, kama sabuni iliyogeuzwa. Mtu anasimama Kenya, anatazama Uganda, anachora. Tena anachora na milango. Na kuna kifuniko chenye dirisha la nyuzi, kama la kulengea. Nilifikiri nichome karatasi zangu, lakini moshi wa mchana ungeulizwa. Nilifikiri nikimbie, lakini pa kukimbilia palikuwa mahali pamoja tu, huko huko Kenya, na ningekuwa nimethibitisha mashtaka kwa miguu yangu mwenyewe. Nikafikiri juu ya baiskeli ya mwalimu. Mimi sikuwa hata na baiskeli ya kuacha. Ningeacha patipati.

Adhuhuri mama alileta sahani. Nikamtazama machoni nikimtafuta msaliti. Naye akanitazama vile vile kama daktari. Akauliza, "Leo hapana tembea?" Sikuwahi kumwambia kwamba natembea. Nikajibu leo nimechoka, na nilipofunga mlango nilikuwa na hakika. Ni yeye.

Walikuja alasiri ile ile. Aliyetangulia alikuwa mtu wa usalama, shati jeupe, suruali iliyopigwa pasi vizuri sana, karatasi yangu mkononi na kifuniko cha boksi kwapani. Nyuma yake mwanajeshi mwenye bunduki, akabaki mlangoni. Katikati yao Haji. Alivaa shati lile lile aliloondoka nalo, na kichwa chake kilikuwa wazi. Sikuwahi kumwona Haji bila kofia. Ni kichwa hicho kilichoniambia jambo lilikuwa kubwa kiasi gani, kabla mtu hajafungua mdomo.

Mtu wa usalama alitandaza karatasi juu ya ubao wangu, akaweka kifuniko, akasogeza dirisha polepole hadi likasimama anapotaka. Nilivyolitengeneza lilifanya kazi vizuri mno.

"Ni wewe nachora hii?"

"Ni mimi, afande."

"Nani nakupeleka Kenya?"

Nikasema hakuna. Akasema mtu amesimama Kenya, anatazama ndani ya Uganda, anachora ukuta na milango yake, mtu huyo anaitwa nani? Jina nililijua, ni jasusi, ila halikuwa na faida kwangu. Akasogeza dirisha kwenye paa.

"Na hii. Ukiwa juu. Ndege ya nani?"

Haji alifumba macho. Nikaanza kueleza kwamba hizi ni sura tu, kwamba mchoraji hufikiria kitu kikigeuka, kwamba sikusimama popote. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia muongo. Akanikatiza akauliza, upande ambao mtu hajauona anauchoraje? Lilikuwa swali zuri, hata mwalimu wangu hakuwahi kuniuliza zuri kama hilo, na kwa furaha ya kuwa na jibu nikanyoosha kidole rafuni ilipo sabuni.

Aliishika, akaigeuza, akainusa. Nikakumbuka kwamba chini yake, mahali ambapo sikuchonga, bado zilibaki herufi za kiwanda cha ng'ambo.

"Sabuni ya wapi hii?"

Wakati huo yule mama alikuwa amesimama nyuma ya mwanajeshi, amefuata sahani yake. Nikijibu kweli, anakwenda yeye. Ningeweza kusema kwamba nilimlinda. Mdomo wangu ulijaribu, ulisema sabuni ni ya zamani, niliachiwa na mwajiri wangu. Lakini macho yangu ya kipumbavu yalikwenda mlangoni moja kwa moja yakamtazama usoni, na mtu wa usalama alikuwa akitazama macho, si mdomo. Akamwita aingie.

Akamuuliza kama ananijua. Mama akasema ananijua. Akamuuliza ninakwenda wapi, ninakutana na nani, ninarudi saa ngapi. Nikajiandaa kwa mwisho wangu.

"Huyu?" mama akasema. "Huyu hapana kwenda mahali. Tangu mvua naanza, hapana kwenda. Natembea ndani. Nahesabu moja mpaka arobaini, namaliza, naanza tena. Mimi nasikia kila siku."

Haji akafungua macho. "Hata Jumamosi ile?" akauliza, akitaja ile niliyosema nilikwenda kupima kiwanja chake.

"Jumamosi gani?" mama akasema. "Jumamosi yote yeye nalala mpaka saa nne. Nakoroma."

Mtu wa usalama akanitazama mimi, akamtazama Haji, akaona kuna jambo kati yetu ambalo hakuwa nalo kwenye karatasi. Akaniuliza polepole, nilikwenda Busia kupima kiwanja au sikwenda.

Nikisema nilikwenda, basi nilikuwa mpakani na kamba ya kupimia, hatua chache kutoka Kenya, na nani angeamini kwamba sikuvuka? Nikisema sikwenda, nalikana neno langu mbele ya mtu aliyelala siku mbili kizuizini kwa ajili ya mwandiko wangu, akiamini amebeba kazi ya fundi wa kweli. Ningependa kuandika kwamba nilichagua ukweli kwa sababu ni ukweli.

"Sikwenda, afande," nikasema. "Sijawahi kufika Busia."

Hakuniamini. Mkazi wa Tororo, mtu mzima, hajafika Busia? Hata mbuzi wa Tororo wamefika Busia. Akakaa kwenye kiti changu, akakunja mguu, akaniamuru nitembee kama mama alivyosema.

Nikatembea. Sita, ukuta, geuka. Kumi na mbili, ukuta, geuka. Patipati zinapiga sakafu, mimi nahesabu kwa sauti mbele ya bunduki, Haji anajibana pembeni anipishe njia. Kwenye ishirini na tatu nikachanganyikiwa nikaruka hadi ishirini na tano, na mwanajeshi mlangoni, ambaye hakuwa amesema neno tangu aje, akasema, "Ishirini na nne." Nikasema samahani, ishirini na nne. Tukaendelea pamoja, mimi na yeye, hadi arobaini.

Mtu wa usalama hakucheka. Alikisimamisha kifuniko mezani kwa vitabu vyangu viwili, akaweka sabuni nyuma yake, akafumba jicho moja. Aliigeuza robo. Akatazama karatasi, akatazama sabuni. Akaigeuza tena. Alikaa hapo kitambo kirefu kuliko kazi ilivyohitaji, nikaona jicho lake lile lililobaki wazi limekuwa la mtu mwingine. Nilitaka kumwambia asogeze kidogo nyuma ataona na paa, lakini nilijizuia.

Alipoinuka akaniambia nifute Kenya. Nikachukua wembe nikakwaruza hadi karatasi ikatoboka kidogo, nikaandika MASHARIKI. Kuhusu lile la juu akasema nalo nifute, anga si yangu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyepotezewa siku, kwamba kazi ya ujasusi inataka mtu anayetoka nyumbani. Kuhusu sabuni hakuuliza tena. Aliifunga katika gazeti langu, akasema ni ushahidi, akaitia mfukoni. Naamini godauni la Haji lilifua shati lile jeupe kwa wiki nzima.

Walipokwenda, Haji alibaki amesimama. Nilitegemea anitukane. Alisema neno moja tu, "Jumamosi," akatikisa kile kichwa chake kitupu. Kisha akasema kesho lori litanipitia asubuhi, na kama nina homa nitapandishwa na homa yangu.

Basi nikafika Busia. Nilishushwa kwenye vizuizi viwili, nikapanga mstari, nikaulizwa ninakwenda kufanya nini, nikababaika kama nilivyojua nitababaika, wakaniacha. Kiwanja kilikuwa na hatua arobaini kwa ishirini, sawasawa. Lakini upande wa Kenya, pale nilipoweka milango mikubwa miwili ya malori, ulipita mtaro wa maji wenye kina cha mtu mzima. Haji hakuwahi kunitajia kwa kuwa alidhani nimeuona. Tulisimama ukingoni, yeye na kofia mpya, mimi na rula yangu, tukiutazama. Nilirudi nikachora upya, milango ikatazama barabara ya Tororo, na godauni lilisimama.

Jioni ile niliporudi nilipita kwa yule mama kununua kipande kingine cha sabuni. Nilikuwa nimemfikiria vibaya kwa wiki nne, nikala samaki wake nikimwita msaliti, na mwisho nilimwuza kwa macho yangu mwenyewe. Nikaomba radhi. Nikamuuliza pia lile lililokuwa likinisumbua, kwa nini alikuwa ananilisha. Alikata sabuni kwa uzi, akaifunga, akafuta mikono. Akanijibu hivi:

"Mimi nasikia mtu mzima nahesabu mpaka arobaini kila siku ndani ya chumba. Nasema, huyu nashikwa na wazimu, hapana mtu wa kumpikia. Sasa najua ni uvivu tu. Kesho pika mwenyewe."